Jua la Futi Mbili

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Deodata aliingia katika duka la vifaa vya umeme la Sharifa, mjini Ngara, akiwa na kipande cha uzi wa katani chenye mafundo mawili. Alisubiri mteja wa mbele yake apimiwe waya, kisha akaunyoosha uzi wake juu ya kaunta.

"Shikamoo mama," Sharifa alisema.

"Marahaba. Nina sanduku la udongo, urefu wake ndio huu, fundo kwa fundo. Nataka kuotesha miche ya nyanya ndani ya chumba. Nipe taa itakayotosha, lakini isiwe ya bei ya kuniumiza."

Sharifa aliupima uzi kwa futi. Ulikuwa wa futi mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na duka alilirithi kwa baba yake, ambaye naye alilirithi kwa baba yake, mtu wa Pangani aliyepanda huku na marobota ya nguo asirudi tena pwani. Sharifa hakuwahi kushika jembe. Lakini alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa kwenye maboksi ya bidhaa zake, hata yale maandishi madogo ya pembeni, na watu walijua kwamba ukimuuliza jambo la taa atakwambia kweli hata kama kweli hiyo itamkosesha mauzo.

"Jua la nje lina nini?" aliuliza.

"Nje si kwangu," Deodata alisema.

Alikuwa amepanga chumba kimoja Nyamiaga. Ua ulikuwa wa wapangaji sita na mbuzi wao, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa choo. Sharifa hakuuliza zaidi. Alitoa maboksi mawili akayaweka sambamba.

"Hii imeandikwa elfu tatu, ndiyo namba ya rangi ya mwanga. Ni ya njano, ya sebuleni. Miche itaota, lakini itakuwa myembamba, kama inaomba radhi. Hii imeandikwa elfu sita na mia tano, ni nyeupe kama mchana. Chukua hii, ya wati tisa. Ining'inize shubiri moja juu ya udongo, na kadiri miche inavyopanda, nayo taa ipandishe. Weka kiganja chini yake. Ukisikia joto, iko karibu mno. Na mbao za pembeni zipake chokaa, mwanga usipotee bure."

Deodata alichukua balbu, holda na waya wa mita tatu, akarudi Nyamiaga kwa miguu.

Udongo aliotaka kuupandia ulitoka Bugarama. Mwaka ule wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu, watu wenye karatasi walifika nyumbani wakamtaka mume wake, Nduwayo, athibitishe kuwa ni Mtanzania. Nduwayo aliwapeleka nyuma ya migomba akawaonyesha kaburi la baba yake, la babu yake, na la baba wa babu yake. Wakamwambia kaburi si cheti. Walimpakia kwenye lori, na kabla jua halijazama alikuwa ameshavushwa mpaka. Deodata, ambaye ni Msubi wa Nyabusozi, Biharamulo, aliachwa, kwa kuwa jina lake halikuwatia mtu shaka. Miezi minne baadaye shamba liliandikwa kuwa halina mwenyewe, likagawiwa kwa Matiasi wa kitongoji cha pili. Deodata alipewa mchana mmoja wa kuondoka. Alibeba vyungu, jembe, na kiroba cha udongo kutoka kwenye kitalu cha nyanya alichokuwa amekimwagilia asubuhi hiyo, maana miche ilikuwa bado michanga na hakuona haki kuiacha. Miche ilikufa njiani. Udongo aliusukuma chini ya kitanda, ukakaa humo miaka tisa.

Nduwayo alifia upande wa pili, kwa homa ya mapafu, mwaka juzi. Habari zilikuja kwa simu. Waliomzika hawakuwa ndugu zake.

Nyanya ziliota siku ya sita. Siku ya tisa, pembezoni mwa sanduku, kulizuka mstari wa kijani, mfupi kama nywele za mswaki. Deodata alidhani ni magugu. Alivaa miwani yake ya kusomea akainama ayang'oe, akaona kuwa ni minyaa, na kwamba mstari huo ulikuwa na pengo mahali palepale ambapo ng'ombe wa jirani alivunja ua, mwaka ambao Frida, binti yao, aliolewa. Akarudisha mkono.

Juma la pili ikaota migomba, hakuna uliozidi urefu wa ukucha. Juma la tatu ikaja mibuni kwa mistari yake, na mtaro wa maji, na mawe ya makaburi matatu, kila moja kama chembe ya ufuta. Deodata alizihamishia nyanya kwenye makopo, kwa sababu zilikuwa zinalitia shamba kivuli. Jioni hiyo alipika ugali na mnafu, akala akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na sanduku. Tangu ahame Bugarama alikuwa na mazoea ya kula akiuelekea mlango.

Juma la nne alirudi dukani.

"Inarefuka halafu inainama," alisema.

"Basi mwanga hautoshi. Umepanda nini zaidi ya nyanya?"

"Sikupanda. Shamba letu la Bugarama limeota."

Sharifa alifikiri kidogo. "Lote?"

"Mpaka kwenye mtaro. Nyumba bado."

"Wati tisa ni za miche peke yake. Kwa shamba zima hazitafaa."

Alipanda kwenye ngazi akashusha boksi lililokuwa na picha ya maua. Ilikuwa taa ya zambarau, ya kuoteshea mimea, iliyoagizwa na mteja mmoja wa Rulenge ambaye hakuonekana tena. Sharifa alisema alivyosoma ni kwamba mimea hupenda zaidi nyekundu na bluu, na taa hii inatoa hizo tu. Akamwambia akae nayo juma moja, isipomfaa airudishe.

Chini ya taa ya zambarau, nyumba iliota kwa siku nne. Ilikuwa kubwa kama boksi la kibiriti. Bati la upande wa jikoni lilikuwa limekandamizwa kwa jiwe, kama walivyoliacha. Asubuhi ya siku ya tano Deodata aliwasha taa, na Nduwayo akatoka mlangoni. Kimo chake kilikuwa cha punje ya mchele. Alikuwa amevaa shati lilelile la mikono mirefu alilochukuliwa nalo. Aliinua mkono kukinga macho.

Deodata aliketi, akaegemeza sikio kwenye ubao.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mama Frida. Sasa hivi ni asubuhi au jioni?"

"Ni asubuhi. Hiyo ni taa."

Nduwayo alizunguka shamba akirudi, akizunguka akirudi, kisha akaketi kizingitini. "Kahawa siioni iliyoiva," alisema. "Zote nyeusi."

Kesho yake Deodata aliifunga taa ya zambarau kwenye boksi lake, akaipeleka dukani.

"Kuna mtu sasa," alisema.

"Ah. Basi hiyo nirudishie," Sharifa alisema. "Hiyo ni ya mmea usio na macho. Mtu anataka nyeupe, tena inayoonyesha rangi zote." Alishusha taa ndefu mbili za LED, za futi mbili, akamwonyesha Deodata namba ndogo ubavuni. "Hapa iandikwe themanini au zaidi. Chini ya hapo rangi zinadanganya, nyekundu anaweza kuiona kahawia." Alizichomeka zote mbili kwenye umeme wa kaunta, akazielekezea kamera ya simu. Kwenye kioo cha simu, moja ilipitiwa na mistari myeusi, nyingine ilitulia. Ile ya mistari akairudisha kwenye rafu. "Hii inapepesa. Wewe huoni, lakini yeye itamuuma kichwa." Akatafuta nyingine iliyotulia.

"Niiwashe saa ngapi kwa siku?"

"Mimea inataka kumi na nne."

"Yeye alizoea kumi na mbili."

"Basi kumi na mbili," Sharifa alisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Deodata aliwasha saa kumi na mbili asubuhi, akazima saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa mtu ni lazima apate usiku wake. Nduwayo alipalilia, alipogolea mibuni, aliziba pengo la minyaa lililokuwa linamkera tangu harusi ya Frida. Adhuhuri alikaa kivulini kwenye migomba, na Deodata alikaa kwenye kigoda, wakazungumza. Nduwayo hakumweleza sana habari za ng'ambo. Alisema alilima mashamba ya watu, na kwamba kule nako walimwita mtu wa kuja. Deodata naye hakumweleza sana habari za miaka tisa. Alimwambia Frida ana watoto watatu, wako Nyabusozi, na yule wa kati anatembea kama yeye, mabega mbele. Umeme ulipokatika, Nduwayo alingoja kizingitini, mikono magotini, mpaka urudi.

Lakini kila siku, kabla hajazimiwa, aliuliza kuhusu rufaa ya shamba. Deodata alikuwa ameikata mwaka uleule aliofukuzwa, na alikuwa na nakala yake kwenye mfuko wa plastiki. Kila siku alimjibu kwamba bado. Ilifika siku akaona aibu kumjibu hivyo mtu ambaye ameshakufa na bado anangoja. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwenye ofisi inayohusika na migogoro ya ardhi, akaeleza kwamba sasa mipaka inaonekana na shahidi yupo.

Walikuja Jumanne mchana, watu wawili. Mmoja alikuwa Sostenes, ofisa mwenye jalada, mtu wa makamo aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wa pili alikuwa Matiasi mwenyewe, kwa sababu utaratibu unataka pande zote mbili ziwepo.

Sostenes alifungua jalada juu ya kitanda, akatoa rula. Alipima sanduku kwa urefu na upana, akapima kutoka nyumba hadi mtaro, akapima kutoka mtaro hadi minyaa, akalinganisha na mchoro wa zamani. Sentimita moja ilikuwa sawa na mita mbili. Hapakuwa na tofauti popote. Ekari moja na robo tatu, alisema, akaandika. Kisha akapiga magoti, akaegemeza sikio kwenye ubao.

"Shikamoo mzee. Jina lako nani?"

"Nduwayo."

"Baba yako?"

"Nzeyimana. Ndiye yule, kaburi la kwanza."

"Ulizaliwa wapi?"

"Ndani ya nyumba iliyokuwa hapa kabla ya hii. Kitovu changu kimefukiwa chini ya mgomba ule wa pembeni."

Sostenes aliandika yote. Alimwomba Nduwayo asogee pembeni kidogo, akayahesabu makaburi kwa ncha ya kalamu, akaandika na hilo. Deodata alimtazama anavyoandika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alihisi kifua chake kinashuka kama mtu aliyetua mzigo. Alikwenda kumimina maji ya kunywa akawapa.

Matiasi alikuwa amesimama karibu na ukuta, kofia mkononi, akilitazama shamba kwa makini, kama mtu anayetazama picha ya nyumba yake ilivyokuwa kabla hajaijenga. Hatimaye naye alipiga magoti.

"Mzee Nduwayo, shikamoo."

Nduwayo alijipangusa mikono kwanza. "Marahaba."

"Kule Bugarama migomba ya chini inageuka njano. Mwaka wa tatu huu naiwekea samadi, haisikii."

Nje mbuzi mmoja alikuwa anajikuna kwenye ukuta wa choo. Nduwayo aliitazama migomba yake ya chini, iliyokuwa mibichi na yenye afya, kisha akanyoosha mkono.

"Mtaro umeziba," alisema. "Anzia pale kwenye jiwe jeupe, uchimbe kufuata mteremko. Maji yakitoka, itapona."

Matiasi aliinama zaidi akaliangalia jiwe jeupe lilipo, akapima kwa vidole kutoka kwenye nyumba, akashukuru. Kisha akasimama akapangusa magoti.

Sostenes alifunga jalada. Alizungumza akimtazama Deodata, kwa sauti ya chini, na ilionekana kuwa hakupenda alilokuwa akilisema.

"Mama, nimepima na nimesikia. Yote ni kweli, na nimeandika kuwa ni kweli. Lakini uamuzi ulishatoka, na ulitoka kwa mujibu wa jalada, na jalada linasema mwenye shamba si raia. Ukweli uliokuja baada ya jalada kufungwa hauna ukurasa wa kuwekwa. Ninaweza kuuambatisha nyuma."

"Uambatishe," Deodata alisema.

"Nitauambatisha. Sasa kuna la pili." Alikohoa. "Huyu mzee yumo nchini. Kwa jalada hilohilo, ni mgeni aliyerudi bila kibali. Nikiondoka hapa bila kuandika, nitakuwa nimemficha. Itabidi awe anaripoti kila mwezi, ofisi ya wageni."

"Alishakufa," Deodata alisema.

"Hilo nalo nimeliandika. Lakini yumo."

Walipoondoka, Deodata alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Nduwayo alikuwa ameinama kwenye mibuni, mgongo ameuelekeza kwake.

"Kwa nini umemwambia habari za mtaro?" Deodata aliuliza.

"Ile migomba aliipanda mama," Nduwayo alisema. "Haijamkosea mtu."

Deodata alichukua kopo akainyunyizia migomba matone mawili, kwa ncha za vidole, kama alivyofanya kila siku saa hiyo.

Alhamisi alikwenda kwa Sharifa, akamweleza kwamba anatakiwa kumpeleka Nduwayo ofisini, na kwamba kutoka Nyamiaga hadi huko, ukijumlisha na foleni, ni nusu ya siku, na nusu ya siku ni muda mwingi kumkalisha mtu gizani. Sharifa alisikiliza mpaka mwisho. Alikata kipande cha utepe wa LED cha futi mbili, kile cha volti kumi na mbili, akachagua cheupe na kukijaribu kwa kamera ya simu. Alikiunga na betri ndogo kama ya pikipiki, akafunika maungio kwa gundi ya plastiki ili hata mvua ikinyesha yasilowe.

"Utepe huu haupati joto," alisema. "Ugandishe chini ya kifuniko cha sanduku. Betri ukiichaji usiku, itakupeleka mchana mzima." Alisokota waya uliobaki. "Wamempa muda gani?"

"Siku thelathini. Zikiisha anaripoti tena."

"Sisi hatujawahi kuulizwa," Sharifa alisema. "Babu alikuja na marobota yake, akafungua duka." Aliitazama betri kana kwamba jambo hilo limeandikwa ubavuni mwake, kisha akaifunga kwenye mfuko.

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Frida alipiga simu kutoka Nyabusozi akasema aache mambo hayo, aje wakae wote Biharamulo, sanduku litakaa sebuleni. Deodata alimwambia asante, lakini baba yake ametakiwa Ngara, na asipoonekana wataandika kuwa ametoroka. Alijitwisha sanduku, betri akaiweka kwenye mkoba wa begani, akapanda kilima taratibu ili mtaro usimwagike. Njiani watu walimsalimu. Waliomfahamu Nduwayo waliinua mkono kuelekea sanduku kichwani mwa Deodata na kumsalimu naye pia.

Ofisini palikuwa na benchi na watu kumi na mmoja mbele yao. Deodata alilipakata sanduku magotini. Katikati ya foleni Nduwayo alipalilia mistari miwili ya mibuni, maana siku haikuwa ya kupoteza.

Karani alikuwa mwanamke mpole, aliyenyoa nywele karibu na kichwa. Alilisogeza kopo la kalamu ili kupata nafasi ya sanduku mezani, akachukua fomu.

"Jina?"

Nduwayo alisema jina lake. Karani aliinamisha sikio, akaomba radhi, akamwomba arudie, akaandika.

"Ametokea wapi?"

"Bugarama," Nduwayo alisema.

"Hapa inatakiwa nchi."

"Tanzania," Deodata alisema.

"Hii ni fomu ya wageni, mama. Tanzania haimo." Karani alingoja kidogo, kwa adabu, kama kuna ambaye angependa kusema jambo jingine. Akaandika nchi ya ng'ambo ya mpaka, kwa mwandiko mzuri wa kulala.

Akauliza anafanya kazi gani, Nduwayo akasema mkulima. Akauliza anakaa wapi, Deodata akasema Nyamiaga, chumba cha mwisho upande wa choo. Kisha karani aliisogeza fomu mpaka ikagusa ubao, akaweka rula iwe daraja. Nduwayo alivuka juu ya rula akashuka kwenye karatasi. Alitembea hadi mahali palipoandikwa saini, akiacha nyuma vinyayo vya udongo, akabonyeza dole gumba kwenye tone la wino karani aliloliweka hapo, kisha kwenye karatasi. Alama yake ilikuwa ndogo kuliko nukta. Karani aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu, isije ikadhaniwa ni uchafu.

Chini ya mstari wa mgeni palikuwa na mstari wa mwenyeji. Deodata alivaa miwani, akaandika jina lake hapo, pole pole, herufi moja moja. Nduwayo alikuwa bado amesimama juu ya karatasi, anamtazama akiandika, mikono nyuma.

"Mwezi ujao wahini," karani alisema. "Tarehe za mwanzo foleni huwa ndefu."

Alimngoja Nduwayo avuke arudi shambani kwake, akagonga muhuri, akampa Deodata nakala, akamwita aliyefuata.